Ziwa Lina Kufuli Gani?

Nasema nanyi, wasikilizaji wa Fizi hapa Kongo: wa Swima, wa Mboko, wa Baraka, na ninyi mlio juu milimani ambao ili mtusikie lazima mtu mmoja asimame juu ya kichuguu na redio mkononi. Leo sina habari ya bei ya mafuta wala ya barabara ya Uvira. Nina habari ya maneno. Nitaianzia pale ambapo habari zetu nyingi huanzia, kando ya ziwa, jioni, wavuvi wakifunga taa zao kwenye mitumbwi.

Kama mnavyokumbuka, nchi zinazogawana Ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi kwa muda. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na upande wetu tangazo la namna hiyohiyo likatufikia. Lilisomwa kwa Kiswahili hivi: ziwa litafungwa. Mzee mmoja alikuwa ameketi kwenye ukingo wa mtumbwi wake akishona wavu. Hakuinua kichwa. Akauliza: "Ziwa iko na mlango? Kufuli yake ni ya namna gani? Na ufunguo inalala kwa nani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka. Usiku, nikiwa nimelala, swali likanirudia na safari hii sikucheka. Aliyeandika tangazo alitaka kusema jambo dogo tu: waacheni samaki wazae. Lakini alitumia neno kufunga. Kufunga kunaleta mlango, mlango unaleta kufuli, kufuli inaleta ufunguo, na ufunguo, kwa jinsi sisi tulivyoishi, unaleta mtu anayefungulia rafiki zake usiku. Mzee hakupotosha tangazo. Aliuchukua mfano aliopewa akaumalizia mwenyewe.

Jambo hilo ndilo limenileta mbele ya kipaza sauti leo. Sisi tunaoandika, tunaofundisha na tunaosoma habari redioni tunadhani mfano ni wetu kwa kuwa tumeutoa sisi. Si kweli. Ukishatoka mdomoni ni wa msikilizaji, naye ataupeleka anakojua yeye.

Kwa Kifaransa jambo lilelile huitwa pumziko la kibayolojia. Neno zuri, pumziko. Halina kufuli. Nililitumia mwenyewe siku chache baadaye, nikiwaeleza akina mama wanaoanika ndagala, samaki wetu wadogo. Nikasema ziwa ni kama mzazi aliyetoka kujifungua, mwacheni apumzike. Mmoja wao, mama mwenye watoto sita, akanitazama kama mtu anayepima samaki kwa jicho. "Mwalimu," akasema, "mzazi akipumzika, nyumba yote inamupikia. Sisi nani atatupikia hii miezi tatu?" Nikanyamaza. Nilileta mfano wa uzazi ili nimlainishe, yeye akaufuata mpaka jikoni, akaniambia jambo ambalo tangazo lilisahau kabisa: familia inayoishi kwa ndagala itakula nini ziwa likipumzika. Nawaambieni kweli, sijapata mhariri mkali kuliko yule mama.

Basi kuna binti mmoja wa hapa Swima, mfinalisti, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, ambaye mwalimu wake alimpa yeye na wenzake kazi ya kuandika kurasa mbili: kwa nini samaki wamepungua ziwani. Akaniletea rasimu yake niisome. Ilianza hivi: Ziwa letu ni kama gato yenye tabaka.

Nikamwuliza, "Gato umeila lini mara ya mwisho?"

Akafikiri. "Kwenye ndoa ya shangazi."

"Na ile gato ilikuwa na tabaka?"

"Sijui. Mimi nilipata kipande cha pembeni."

Gato, yaani keki, aliitoa katika kitabu cha Kifaransa. Simlaumu. Shule zetu zimejaa vitabu vinavyoeleza dunia kwa theluji, kwa treni na kwa tufaha, na mwanafunzi anajifunza mambo mawili mageni kwa wakati mmoja: lile linaloelezwa, na lile linalotumika kulieleza. Kisha tunashangaa kwamba hakuelewa. Huwezi kumwonyesha mtu njia kwa kumwambia ageukie kulia kwenye mti ambao hajawahi kuuona.

Hata hivyo alichotaka kusema binti yule kilikuwa kweli, na ni kizuri, niacheni nikae nacho kidogo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini. Duniani ni Ziwa Baikal tu la Urusi linalolizidi. Lakini samaki tunaowajua, ndagala, mukeke ambaye ndugu zetu wa Kigoma humwita mgebuka, sangala, wote hawa wanaishi sehemu ya juu tu. Huku kaskazini kwetu, ukishuka kama mita 100 hivi, oksijeni inakwisha. Huko chini ni giza, baridi, na hakuna samaki. Maji ya juu hupashwa na jua yakawa mepesi. Ya chini ni baridi na mazito. Na yale mepesi hukaa juu ya yale mazito bila kuchanganyika nayo sana. Shida yenyewe ni kwamba kila kinachokufa juu huzama. Kinaoza huko chini, na mbolea yake inabaki huko. Mimea midogo isiyoonekana kwa macho inaihitaji mbolea hiyo huku juu kwenye mwanga. Vijidudu vya majini hula mimea hiyo, ndagala hula vijidudu, mukeke hula ndagala, na sisi tunakula wote.

Nikamwambia binti: tafuta kitu kilichomo ndani ya nyumba yenu. Akarudi kesho yake amefurahi. Ameandika: ziwa ni kama mawese juu ya sombe. Nami nikafurahi. Nani Fizi nzima asiyeyajua mawese yanavyoelea juu ya sufuria? Picha iko wazi, ina harufu, ina rangi. Nikamwambia aende akamsomee mama yake anayeuza samaki.

Mama akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa huzuni ya kweli, "Basi samaki hawatarudi tena."

"Kwa nini, mama?"

"Mawese na maji hata ukoroge mpaka asubuhi, haichanganyiki. Wewe mwenyewe umesema."

Hapo nikauona ufa, na ufa haukuwa wa mama. Mawese yanakataa maji kwa asili yake. Hayo hayana matumaini. Maji ya ziwa hayakatai. Yanatofautiana joto tu, na upepo ukiwa na nguvu huyachanganya. Mfano ulikuwa sahihi kwa jicho na wa uongo kwa tabia. Ulionyesha ziwa linavyokaa, ukadanganya kuhusu linavyofanya kazi. Na kama mama asingeupeleka mpaka mwisho wake, binti angepeleka karatasi ile shuleni, angepata alama nzuri, na darasa zima lingejifunza kukata tamaa kwa njia ya kisayansi.

Safari ya tatu binti alileta mfano wa chai. Chai ya rangi, sukari imetiwa, haijakorogwa. Ukinywa juu, haina utamu. Utamu wote umelala chini. Sukari ni ile mbolea. Kijiko ni upepo, zile pepo za kiangazi zinazotoka kusini kati ya Mei na Septemba na kuyasukuma maji ya juu kuelekea huku kwetu, hata kule mwisho wa ziwa upande wa kusini maji baridi yenye mbolea yakapanda. Upepo ukitulia, maji yale huanza kuyumba kurudi, na hapa binti akaongeza kitu ambacho sikumfundisha: kama maji ndani ya beseni ulilobeba kichwani, unaposimama ghafula. Nimebeba vitabu maisha yangu yote, sijabeba beseni. Nisingeweza kuuandika mstari ule. Na ni kweli kabisa. Tofauti ni kwamba beseni huyumba kwa kufumba na kufumbua, na ziwa huchukua karibu wiki 4 kwenda na kurudi mara moja.

Mwaka 2003 watafiti walichapisha katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto, kwamba tabaka zimekuwa ngumu kuchanganyika, na kwamba uzalishaji wa ile mimea midogo umepungua kwa makadirio ya asilimia 20 hivi, jambo ambalo lingeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30. Jaribu kumsomea mvuvi takwimu hizo. Kisha jaribu kumwambia: chai ya juu imepata joto zaidi, kijiko kinateleza juujuu, hakifiki kwenye sukari. Niliyajaribu yote mawili. La pili lilileta maswali. La kwanza lilileta usingizi.

Tuondoke ziwani kidogo, maana kuna mfano mwingine unanikera na unasemwa kila siku. Ni ule wa askari wa mwili.

Mnaujua. Vitabu vya afya, mabango, waelimishaji wa kijamii, wote husema damu yetu ina askari weupe, magonjwa ni maadui, na chanjo huwaongezea askari nguvu. Mahali pengine mfano huu ni mzuri tu. Kwa mtoto ambaye askari kwake ni mtu wa gwaride na tarumbeta, unafaa. Lakini hapa, wasikilizaji, mtu mwenye silaha akigonga mlango, je, jambo la kwanza linalokuja moyoni ni ulinzi? Sisemi ni askari gani, wala wa kundi gani, mnajua kwamba tumewaona wa kila aina. Nilimsikia bibi mmoja, aliyewahi kukimbilia ng'ambo na kukaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, akimjibu mwelimishaji aliyemsifia chanjo kwa mfano huo: "Askari ndani ya mtoto wangu? Hapana. Hao nimewakimbia."

Angeweza kuchekwa kama mtu asiyesoma. Mimi naona alisoma vizuri kuliko mwandishi wa bango. Na jambo hili si la kuchezea. Kati ya 2019 na 2020 surua iliua zaidi ya watu 7,000 nchini Kongo, wengi wao watoto wadogo, idadi inayopita kwa mbali vifo 2,287 vya Ebola ile ya Kivu Kaskazini na Ituri iliyojaa redioni siku zile. Mfano mbaya unaomrudisha mama mmoja nyumbani na mtoto asiyechanjwa una gharama yake.

Tungesema nini basi? Mimi husema hivi: mtoto aliyeonyeshwa nyoka akiwa amekufa, hamchezei aliye hai. Mwili nao huonyeshwa ugonjwa usio na nguvu, ukaujua sura, ukauchukia mapema. Kwa chanjo ya surua inabidi nirekebishe kidogo, kwa sababu kirusi chake hakijauawa, kimedhoofishwa tu. Basi ni nyoka aliyeng'olewa meno. Kuna siku kijana mmoja aliniuliza, "Na meno yakiota tena?" Swali halali. Nikamjibu kwamba meno ya kirusi hayaoti kama ya nyoka kwa mtoto mwenye afya, na kwamba hapo ndipo mfano wangu unapoishia, sasa tuzungumze kirusi chenyewe. Sikuona aibu. Mwandishi anayejua mfano wake unavujia wapi hutangulia kuonyesha tundu, kabla msomaji hajalowa.

Neno chanjo lenyewe, kwa njia, lilikuwa picha. Linatokana na kuchanja, kama tunavyochanja kuni, maana dawa ilikuwa inaingizwa kwa kukwaruza ngozi. Kinga nayo ni kule kukinga mvua. Mtandao umetoka kwenye kutanda, ndiyo maana buibui hakosi kuingia katika mazungumzo ya intaneti. Maneno haya yalikuwa mifano, yakazeeka, tukasahau kwamba yana nyama ndani. Lugha nzima ni makaburi ya mifano, na mara nyingine kaburi moja hufunuka: ziwa likafungwa, mzee akauliza kufuli.

Na wakubwa wa nchi nao huumwa na mifano yao. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere alitoa kijitabu akaueleza mpango wake kwa neno moja, Ujamaa. Hakutaka kusema kwa lugha ya matabaka yanayopigana; alisema nchi na iwe kama jamaa moja, ambamo kila mtu anafanya kazi na hakuna anayelala njaa wengine wakila. Kama ufundi wa kuandika, ni wa hali ya juu. Mkulima aliyesikia neno lile hakuhitaji kamusi. Lakini jamaa ina baba, na baba husema nani alale wapi. Kati ya 1973 na 1976 mamilioni ya Watanzania walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu. Sisemi neno ndilo lililowahamisha. Siasa ina sababu zake nyingi. Nasema tu kwamba safari hii aliyeumalizia mfano hakuwa msikilizaji. Ilikuwa serikali.

Yupo pia aliyemwachia msomaji amalizie kwa makusudi. Shaaban Robert, katika Kusadikika, kitabu kilichotoka 1951, aliitundika nchi yake angani kabisa, na wasomaji wengi wakaona chini yake ardhi wanayoikanyaga, iliyokuwa chini ya mkoloni. Mwenye mamlaka asome hadithi, mwenye nchi asome habari zake. Hiyo ni kazi nyingine, ya watu wanaosema penye hatari, na wasikilizaji wa Fizi hawahitaji kufundishwa namna ya kusikia neno lililo chini ya neno.

Nasikia mtu akisema: mwalimu, kwa nini usiache mifano ukasema jambo lenyewe? Mara nyingine ndivyo inavyofaa. Kwenye kolera, kwa mfano. Nimeona waelimishaji wakitumia njia iliyoanzia Bangladesh miaka ya mwisho ya karne iliyopita na sasa imezunguka dunia. Mtu anaomba glasi ya maji safi, anayanywa kidogo mbele ya watu. Kisha anang'oa unywele mmoja, anaugusisha kwenye kinyesi, anauchovya katika glasi, na kumkaribisha mwenye kiu. Hakuna anayepokea. Ndipo anauliza: inzi ana miguu mingapi? Sita. Na miguu ya inzi ina vinyweleo. Hakuna "kama", hakuna "mithili ya". Watu wanatazama sahani zao. Baada ya hapo vijana wanaotia klori kwenye madumu kando ya ziwa hawaulizwi tena kwa nini maji yana harufu.

Kwa kolera, basi, jambo lenyewe unaweza kulishika kwa mkono. Kina cha ziwa huwezi kukishika, wala tabaka za maji, wala kirusi. Kwa hayo tutaendelea kuhitaji chai na nyoka.

Turudi kwa binti, sikuwaambia mwisho wake. Rasimu ya chai aliisoma kando ya ziwa, mbele ya yule mzee wa kufuli, ambaye kumbe ni babu yake mdogo. Upande wa pili milima ya Burundi ilikuwa inaingia giza. Mzee aliendelea na wavu wake. Chai akaikubali. Sukari akaikubali. Kijiko akakitikisia kichwa mara mbili. Binti alipomaliza, mzee akasema:

"Umeandika chai, umeandika sukari, umeandika kijiko. Hujaandika mwenye kunywa."

Binti akanitazama. Mimi nikatazama ziwa.

"Tuko inchi ine kwa kikombe kimoja," mzee akaendelea. "Hapa, Burundi, Tanzania na Zambia. Zamani tulikuwa na wavu wa lusenga na moto wa majani. Leo taa za batri zinawaka kama mji. Usiku usio na mwezi, hesabu mwenyewe zile taa. Sukari imelala chini, sawa. Lakini hata ile kidogo ya juu, nani anaimaliza?"

Binti akafungua kalamu palepale. Akafuta kikombe, akaandika mtungi, mtungi wa pombe wenye mirija minne, kama wanavyokunywa ng'ambo. Akausoma kwa sauti, akatabasamu, kisha uso ukabadilika.

"Babu," akasema, "mtungi wa pombe unakorogwa na kijiko?"

Mzee akacheka mpaka sindano ya wavu ikamdondoka. Wakaanza kubishana, yeye na mjukuu wake, kama pombe inakorogwa kabla au baada ya kutiwa mirija. Niliwaacha hapo. Mitumbwi ya kwanza ilikuwa imeshatoka, na taa moja tayari ilikuwa inawaka mbali juu ya maji.